Mume Aliyefika Kabla ya Ndege

Wewe unayenikuta leo kwa mara ya kwanza, usiwe na wasiwasi, kulia nilishamaliza katika matoleo yaliyopita. Leo nalipiza. Kaa vizuri nikupe mambo kwa ufupi, halafu tuongozane.

Mume wangu ni fundi wa lifti. Mwanzoni mwa mwaka alituaga kwamba amepata kazi katika mji wa mbali, ng'ambo kabisa, ambako majengo ni marefu hivi kwamba mafundi wa lifti wanagombewa kama wachezaji wa mpira. Tulimsindikiza uwanja wa ndege baada ya chakula cha mchana. Mama mkwe alilia, wifi alilia, mimi nililia kuwashinda. Binti yetu tunamwita Kinanda, kwa kuwa tangu azaliwe hajanyamaza. Yeye alizipungia ndege zote, hata zile zilizokuwa zinatua.

Jioni ile ile, Kinanda akiwa bado hajaoga, simu ikaita.

"Nimefika salama. Huku baridi si mchezo."

Tukashangilia. Mama mkwe akawatangazia majirani mpaka wa mtaa wa nyuma.

Mchana mimi nafanya kazi kwenye kiwanda cha kufua mablanketi ya ndege. Jioni nasoma darasa la watu wazima, nakitafuta cheti ambacho nilipokuwa msichana hakikunisubiri. Siku moja mwalimu wa jiografia akatuletea tufe la dunia na kipande cha uzi. Kila mtu achague miji miwili, apime umbali kwa uzi, agawanye kwa mwendo wa ndege. Mimi nikachagua mji wetu na mji wa mume wangu. Kwa mapenzi tu, nijue moyo wangu umetandazwa umbali gani.

Kilomita elfu kumi na mbili. Saa kumi na tatu na ushei angani, tena kama ndege ingekwenda moja kwa moja, nayo haiendi. Unashuka njiani, unangoja, unapanda nyingine.

Mwalimu akanipa alama zote. Nikabaki nimeushika ule uzi.

Mume wangu alifika kabla mtoto hajaoga.

Kisha wiki iliyopita shoga yangu wa kazini, tunayemwita Pasi Moto kwa ajili ya ulimi wake, akaenda kung'oa jino kwenye jengo moja la ghorofa. Akakuta miguu ya fundi imening'inia kwenye shimo la lifti. Miguu ile ilikuwa imevaa soksi nilizoziziba visigino kwa mkono wangu, kwa uzi mwekundu. Akamdadisi mlinzi. Mlinzi akasema, huyo fundi wetu anakaa hapa hapa, ghorofa ya juu, kwa mama mwenye duka la mapazia.

Mji wa mbali ulikuwa ng'ambo ya reli.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa endelea.

*

"Twende leo," Pasi Moto aliniambia asubuhi iliyofuata, tukiwa tunakunja mablanketi. Shavu lake lilikuwa bado limevimba. "Wewe umshike yeye, mimi nitashughulika na mapazia."

"Siendi."

"Unamwogopa?"

"Nikienda, itakuwa mke kafumania. Mtaa utacheka siku mbili, halafu ataanza kusema mimi nina wivu, nina kelele, ndiyo maana alikimbia. Baba mkubwa wake atatuita, atatupatanisha, tutapewa soda. Sitaki soda, shoga."

"Unataka nini?"

"Nataka aseme mwenyewe. Aongope kwa mdomo wake, mbele ya watu wake, mpaka uongo umkabe."

Pasi Moto aliniangalia kama mtu aliyefungua begi la nguo chafu akakuta nyoka. Kisha akatabasamu kwa upande mmoja, ule ambao haukuvimba.

"Na mimi nilidhani wewe ni mpole."

Upole wangu ulikuwa wa kweli. Aliupokea miaka yote hiyo, akaufanyia kazi. Sasa umekwisha.

*

Sikulazimika kungoja. Jioni ile narudi nyumbani, ambako tunaishi na mama mkwe tangu mume "asafiri", nakuta sebule inanukia manukato. Mama mkwe amejipulizia yale aliyoletewa "kutoka ng'ambo". Wifi yangu kakaa pembeni, anakula karanga.

"Mkwe wangu, kaa," mama mkwe akasema. "Mume wako kapiga simu. Anamtaka Kinanda."

"Anamtaka vipi, mama?"

"Akasome huko. Kapata nyumba kubwa, shule ipo jirani. Wifi yako atampeleka. Wewe utafuata ukishamaliza mitihani yako hiyo ya jioni."

Kinanda alikuwa chini ya meza, anamsuka mwanasesere nywele na kumwimbia. Akatoa kichwa.

"Nitapanda ndege, mama. Shangazi kasema dirishani."

Nikamwangalia wifi. Wifi akaangalia karanga zake.

Hapo nikaelewa. Hakuna shule ya ng'ambo. Mwanangu anahamishiwa kwenye mapazia. Mimi nitabaki napungia ndege, na kila nikiuliza nitaambiwa mtoto hajambo, kanenepa, huko ni usiku amelala. Miaka ingepita hivyo. Wangenichukulia mtoto bila kunipokonya, ningewafungia begi mwenyewe.

Ningeweza kupiga kelele pale pale. Nikameza.

"Ni jambo la heri, mama," nikasema. "Ila mtoto wa ukoo hasafiri kimyakimya. Tukae kikao, baba mkubwa awepo, na baba Kinanda awe kwenye simu, tumsikie wote. Nina maswali ya safari tu, ya mama kwa mtoto."

Mama mkwe akafurahi. Wifi akaacha kutafuna.

"Kikao cha nini, wifi? Si mambo madogo haya?"

"Kwako madogo. Mimi sijawahi kupanda ndege, nieleweshwe."

*

Kikao kikapangwa Jumapili, alasiri.

Baba mkubwa wa mume wangu ana bucha. Ni mtu wa maneno machache, na akikata shauri ni kama anakata mbavu, hakuna kuunga tena. Ukoo mzima unamwogopa, mume wangu kuliko wote, maana ndiye aliyemlea na kumlipia ufundi. Alikuja na gari lake la nyama, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akavua kofia.

Wifi hakuwepo. Alikuwa amemchukua Kinanda tangu mchana, anampeleka kupiga picha ya pasipoti. Nilimvalisha mwanangu gauni la njano, nikambusu utosini. Nilikuwa na haraka ya kuwaondoa. Sikutaka mtoto asikie baba yake anavuliwa nguo.

Nakuambieni ukweli, nilijiona mjanja sana siku ile.

Simu ikaita. Mume wangu hupiga kwa mtandao, namba haionekani. Mama mkwe akaiweka spika juu ya meza.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Ng'ambo hamjambo?"

"Hatujambo. Baridi tu."

"Mkeo ana maswali."

"Uliza, mama Kinanda wangu," sauti ikasema, tamu kama asali. Ukweli ni kwamba sauti hiyo bado ilinigusa mahali. Nikapakanyaga.

"Baba Kinanda, nisamehe ushamba wangu. Safari yenyewe ni ndefu? Nimfungie mtoto vyakula?"

"Hapana, hapana. Ukipanda ndege, unakula kidogo, unachungulia dirishani, umefika."

"Mara moja tu anakula?"

"Mara moja inatosha."

"Na wakishuka njiani kubadilisha ndege, wifi ataweza na mtoto na mizigo?"

"Kubadilisha nini? Ni moja kwa moja hiyo. Mimi nilikwenda moja kwa moja."

"Mlipewa blanketi?"

"Blanketi la nini, mke wangu, na ni safari ya mchana? Nani analala?"

Akacheka. Mama mkwe akacheka naye. Mimi nilikuwa nayaona mablanketi ninayoyafua kila siku. Ya safari fupi hurudi yakiwa bado yamekunjwa, hakuna aliyeyagusa. Ya mji ule hurudi yamevurugika yote, yana makombo na nywele na harufu ya watu waliolala, wakaamka, wakalala tena.

"Basi niambie na hili," nikasema. "Huko sasa hivi ni saa ngapi? Nijue saa ya kumpigia mtoto."

Akakohoa.

"Saa kama hizo hizo za kwenu. Saa tisa."

Baba mkubwa akageuza shingo taratibu. Yeye husikiliza mpira wa nchi zile kwenye redio, na anajua kwamba wenzetu wanapocheza mchana sisi huwa tumeshalala.

"Saa tisa?" akauliza.

"Au... kumi. Saa yangu ina matatizo, baba mkubwa."

"Jua lipo?"

"Jua lipo, ila lina baridi."

Kamba ilikuwa imeshamzunguka shingo. Ningeweza kuiacha hapo, lakini nilikuwa na zawadi yake. Nikajifanya natengeneza ushungi, nikabonyeza simu yangu ndogo mara moja, mlio mmoja, nikakata. Ndiyo ilikuwa ishara yetu.

Ndani ya spika, mlango ukagongwa.

"Hodi. Hodi hapa."

Mama mkwe akageukia mlango wetu. Hakukuwa na mtu.

"Hodi wenyewe." Sauti ya Pasi Moto, kutoka ng'ambo, safi kama yuko jikoni. "Nimeleta blanketi la baba Kinanda. Mkewe kaniambia safari ni ndefu, asije akapata baridi."

Laiti ungeziona zile sura. Mama mkwe alifunua mdomo na manukato yake yote. Baba mkubwa akaweka mkono juu ya meza kama anayeshikilia kitu kisianguke.

"Nani huyo?" mume wangu akasema, si kwetu, huko huko. "Usifungue. Nimesema usi..."

Mlango ukafunguliwa. Sauti ya mwanamke, ya taratibu, yenye mshangao wa kweli:

"Mke wake yupi, dada? Si yuko ng'ambo? Mwaka huu alisafiri akamwachia mtoto."

Wasomaji wangu, nilipanga kila kitu isipokuwa hilo. Ile safari alikuwa ameiuza mara mbili. Kwetu alisafiri yeye. Kule nilisafiri mimi. Kumbe nilikuwa angani siku zote hizo na sikuwa na habari.

"Yuko ng'ambo ya reli," Pasi Moto akajibu. "Na mume wake naona kavua shati pamoja na aibu. Hujambo, baba Kinanda? Kumbe ng'ambo mnakaa na singlendi?"

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikajishika ubavu, na mama mkwe ananitazama kama nimepandwa na kitu.

Kisha nikasikia miguu midogo inakimbia sakafuni, ndani ya spika.

"Shangazi Pasi. Na wewe umekuja kwa ndege?"

Kicheko kikanikauka.

Hakukuwa na picha ya pasipoti. Wakati mimi nimekaa kwenye kikao changu cha ujanja, naulizia safari ya mwanangu, wifi alikuwa ameshamfikisha.

"Kinanda," nikaita. "Kinanda, mama yupo hapa."

"Mama? Baba kasema huwezi kunisikia, ni mbali."

Simu ikakatwa.

*

Baba mkubwa alishasimama.

"Jengo gani?"

Nikamwambia.

"Nanyi wanawake mnalijua tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita, baba mkubwa."

"Na ukakaa kimya, ukatuitia kikao."

"Usingeniamini."

Akavaa kofia. Hakubisha.

Tulibanana watatu mbele, kwenye gari la nyama, mama mkwe katikati. Tukavuka reli. Hapo mama mkwe akalia kidogo.

"Nimewaambia watu wote," akasema. "Mpaka wa mtaa wa nyuma."

Nilitaka kumchukia. Nikamwona yale manukato yanamtiririka na jasho, nikashindwa. Naye alisafirishwa, kama mimi.

Safari nzima ya kwenda ng'ambo ilichukua muda wa kuchemsha chai.

*

Jengo lina ukumbi mdogo chini, wenye vigae vya kijani, kiti cha mlinzi, na mlango mmoja wa lifti. Pasi Moto alikuwa amekaa kwenye ngazi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Blanketi lilikuwa shingoni.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Humo." Akaonyesha mlango wa lifti kwa kiatu. "Baada ya simu kukatika, wifi yako akapita chini ya mkono wangu, akakimbilia ngazi, sijui aliko. Mumeo akambeba mtoto na begi la nguo, wakaingia kwenye lifti, ikashuka kwa kujikokota. Mimi nikashuka kwa miguu mbio, nikamwambia mlinzi funga mlango wa mbele. Lifti ikafika chini, ikafunguka hivi kidogo, akatuona. Akabonyeza kurudi juu. Ikapanda kidogo, ikakoroma, ikasimama."

"Imesimama wapi?"

"Kati ya hapa na ghorofa ya kwanza," mlinzi akajibu. Ni mtu mzima mwenye koti kubwa kuliko yeye. "Tena ajabu, mama, hii lifti alikataza yeye mwenyewe isitumike mpaka kesho. Karatasi ile kaibandika yeye."

Nikasoma. IMEHARIBIKA. USIPANDE. Mwandiko wa mume wangu, ile N yake iliyolala.

Nikaweka shavu kwenye ufa wa mlango.

"Kinanda."

"Mama." Sauti ilitoka juu kidogo ya kichwa changu. "Tuko kwenye ndege. Baba kasema imeshapaa, nisiogope. Lakini haina dirisha."

"Huogopi?"

"Kidogo. Taa imezimika."

"Imba, mama. Mimi niko hapa chini, nakusikia kila neno."

Akaanza kuimba. Kinanda wangu.

Kisha sauti nyingine, ya chini, ya mtu aliyebana mdomo kwenye chuma.

"Mama Kinanda. Mke wangu. Nisikilize."

"Nakusikiliza, baba Kinanda. Habari za ng'ambo?"

"Usifanye hivyo. Hewa humu ni kidogo. Wapo watu?"

"Yupo baba mkubwa. Yupo mama yako. Yupo Pasi Moto. Wote wamekuja kukupokea."

Baba mkubwa akakaribia, akagonga mlango ule kwa kidole kimoja, ngo, ngo, kama anayejaribu kama nyama imeganda.

"Saa ngapi huko?" akauliza.

Humo ndani begi likaburutwa.

Ngazi zikasikika. Akashuka mwanamke wa makamo, mkanda wa kupimia mapazia ukiwa bado shingoni. Nilikuwa nimemwandalia maneno wiki nzima, maneno ambayo gazeti hili lisingeyachapa. Akasimama mbele yangu, akanitazama gauni, viatu, uso.

"Wewe ndiye uliyesafiri?"

"Mimi niliambiwa kasafiri yeye."

"Aliniambia umeshindwa kulea, umekimbilia ng'ambo. Leo kaletewa mtoto, nikampikia."

"Kala?"

"Kala vizuri. Kaniimbia."

Maneno yangu yakapotea yote. Tukasimama pale kama watu wawili waliouziwa kiwanja kimoja.

"Sasa aliyesafiri ni nani?" mama wa mapazia akauliza.

"Kinanda peke yake," Pasi Moto akasema.

*

Sasa nifike kwenye lile ninaloona haya kuliandika, nalo nitaliandika.

Mlinzi aliniuliza, "Mama, nipige simu ya fundi wa dharura?" Nikamwambia ngoja.

Nilitaka akae humo. Nilitaka kila dakika ya safari ile aliyoniambia kaisafiri aisafiri kweli. Niliinua mdomo kwenye ufa nikamwambia polepole, ili asikose neno:

"Saa kumi na tatu, baba Kinanda. Na ushei. Hiyo ndiyo safari. Nimeipima kwa uzi. Bado hujatoka hata nje ya mji."

"Mtoto yumo humu."

"Mtoto namtoa. Mlinzi, hakuna namna ya kumtoa mtoto tu?"

Mlinzi akanitazama kwa huruma.

"Wakitoka wanatoka wote, mama."

Hapo ndipo nilipobanwa. Kila dakika ya kumtesa yeye ilikuwa dakika ya mwanangu gizani. Na bado, Mungu anisamehe, nilisita. Si sana. Lakini nilisita, na sauti ya Kinanda ikaendelea kuimba humo, imeshafika kwenye ubeti asioujua, anaurukia na "la la la".

"Baba Kinanda, ufunguo wa kufungulia mlango unao?"

"Uko ofisini, na leo imefungwa. Kwenye begi la kazi." Akavuta pumzi ndefu. "Mama Kinanda, kifua kinanibana."

"Anaigiza," baba mkubwa akasema. "Tangu mdogo. Kila siku ya mtihani alikuwa anaumwa."

"Kifua chake kweli huwa..." mama mkwe akaanza.

"Anaigiza."

Nami niliamini anaigiza. Mtu aliyeweza kutetemeka kwa baridi ya ng'ambo akiwa ng'ambo ya reli, kifua kinamshinda nini?

"Piga hiyo simu," nikamwambia mlinzi. "Kwa ajili ya mtoto."

Mlinzi akasogelea ukuta. Kando ya lifti kulikuwa na kibao kidogo cha bati: dharura, piga namba hii. Akaibonyeza namba moja moja, akiitaja kwa sauti kama anasoma sala. Akaweka simu sikioni.

Tukasikia mlio.

Ulikuwa unatoka ndani ya lifti.

Mlinzi akashusha simu, akaitazama, akautazama mlango.

"Jumapili zamu ni yake," akasema. "Nilisahau."

Pasi Moto akapasuka kucheka. Mama wa mapazia naye, kwa aibu, akafunika mdomo na ule mkanda. Hata baba mkubwa mabega yalimtikisika. Na mimi, wasomaji wangu, kile kicheko kilichonikauka sebuleni kilirudi chote, kizima, kitamu, nikaegemea kigae nikacheka mpaka machozi. Fundi aliyenasa kwenye lifti aliyoikataza, akipigiwa simu aje ajiokoe. Kama kuna kulipiza kukubwa kuliko huko mimi sikujui.

Simu ikaendelea kulia.

Ikalia. Ikalia.

Mmoja mmoja tukaacha kucheka.

"Mbona hapokei?" mama mkwe akauliza.

"Aone haya yote halafu apokee?" baba mkubwa akasema, lakini sauti yake haikuwa ya bucha tena.

Kinanda alikuwa ameacha kuimba. Sikumbuki aliacha lini.

"Kinanda?"

"Mama. Simu inalia kwenye mfuko wa baba."

"Mwambie baba apokee."

"Nimemwambia. Amekaa chini. Kaniegemea, ni mzito."

"Baba Kinanda," nikaita. "Acha mchezo. Unamtisha mtoto."

Hakuna.

Nikagonga mlango kwa viganja vyote viwili. "Nimesema acha mchezo. Nimekusamehe, unasikia? Nimekusamehe, inuka."

Nilikuwa naongopa, na yeye angekuwa wa kwanza kunijua. Kama aliyasikia.

"Mkuu, fundi mwingine?" Pasi Moto alimvaa mlinzi, akamshika koti.

"Yuko mjini kati. Namba yake nitaitoa ofisini, ofisi leo imefungwa." Mlinzi akalamba midomo. "Kuna gurudumu la mkono kule juu, kwenye chumba cha mashine. Linazungushwa, lifti inashuka polepole. Lakini sijawahi kulizungusha. Na yeye mwenyewe aliniambia breki ndiyo iliyoharibika."

"Ukikosea?"

Akainamisha kichwa.

Baba mkubwa akavua koti lake. "Nipelekeni kwenye hilo gurudumu."

"Baba mkubwa, ngoja," nikasema.

"Ningoje nini? Mwanangu yumo humo."

"Na wangu."

Tukatazamana. Kama mume wangu anaigiza, tunayachezea maisha ya Kinanda kwa ajili ya uongo mmoja zaidi. Kama haigizi, kila pumzi tunayoipoteza hapa ni yake. Miaka sita nimelala ubavuni mwa mtu huyu, na sikuweza kujua.

Mlinzi alikuwa bado ameishika simu mkononi, haijakatika, inaita. Ghafla ikaacha kuita. Namba zikaanza kuhesabu kwenye kioo. Mtu amepokea.

Nikampokonya. "Baba Kinanda?"

Ikaja sauti ndogo, karibu na sikio langu na mbali kupita kiasi.

"Haloo, huku ni kwenye ndege," mwanangu akasema. "Baba hawezi kuongea. Mama, ndege imeanza kutikisika."

Nikageuka kuziangalia ngazi. Koti la baba mkubwa lilikuwa limebaki sakafuni. Yeye hakuwepo.